Mashine Iliyosema Salama

Mimi kazi yangu ni karatasi. Watu wa Kibiti wananiita dada wa kompyuta, jina kubwa kuliko chumba chenyewe, maana ukiingia dukani kwangu utakuta meza, benchi la wateja, mashine ya fotokopi inayokohoa, kompyuta moja ya kazi, na mimi. Mtu anakuja na cheti, anataka nakala. Mwingine anataka barua ya kuomba kazi na hajui ni kazi gani, mimi ndiye nimtafutie. Lori la kwenda Lindi likipita barabarani, kalamu zote mezani zinatingishika. Ndivyo ninavyoishi na sina malalamiko, isipokuwa haya nitakayoyasema hapa.

Kompyuta yangu inatumia Linux, mfumo wa kuendeshea mashine tofauti na ule wa wengi. Watu huniuliza kwa nini, nami huwajibu vibaya kidogo, kwa sababu jibu ni wao wenyewe. Kila mteja anakuja na flashi yake, na kila flashi ina ugonjwa wake. Zamani nilikuwa nasafisha virusi zaidi kuliko nilivyokuwa nachapa. Nilipoingia Linux magonjwa yakapungua, nikapata nafasi ya kukaa chini na kujifunza mashine inavyofikiri.

Sasa, Linux si moja. Ziko nyingi, kila moja ina wenyewe, ina stoo yake mtandaoni ya kuchukulia programu, na ina amri zake za kuiuliza stoo hiyo. Ukitoka hii ukaenda ile ni sawa na kuhama kitongoji. Watu ni walewale, lakini duka liko upande mwingine na mwenye duka hakujui.

Nilipokuwa kwenye Linux yangu ya kwanza niliandika kijiprogramu. Mistari michache tu, niliyoipata kwa kusoma na kukosea. Kazi yake ilikuwa hii: kila asubuhi nikiwasha mashine, kiulize stoo kama kuna programu yangu yoyote iliyopitwa na wakati. Zikiwepo, kinitajie. Zisipokuwepo, kiandike katikati ya skrini, kwa herufi kubwa za kijani, neno moja: Salama.

Nililichagua neno hilo kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Kwetu delta, visiwani mto unapoingia baharini, ukimuuliza mtu habari za huko, jibu la kwanza ni salama. Nyumba imeanguka, salama. Mtu amefariki, salama, ndipo inapokuja ila yenyewe: "Salama, ila mjomba hatunaye." Anayeanza na ubaya kabla hajaitikia salamu, huyo hakufunzwa na mamaye. Na mimi sikutaka mashine isiyofunzwa.

Programu za Linux, ujue, zina midomo miwili. Mmoja unatoa jibu, mwingine unalalamika kazi ikienda kombo. Ule wa malalamiko ulikuwa unanichafulia skrini kila asubuhi, mara mtandao uko polepole, mara sijui nini hakijapatikana, na mimi hata chai sijanywa. Nikauziba. Ni alama chache tu unaziweka mwisho wa mstari, na malalamiko yote yanamwagwa shimoni, huyaoni tena. Tangu hapo mashine yangu ikawa na adabu.

Nikishaiona Salama ya mashine, nampigia simu mama.

Mama alikuwa anaishi kisiwani, huko huko delta, peke yake, nyumba ya udongo na makuti jirani na majaruba ya mpunga. Anasuka mikeka na kugombana na mbuzi wa jirani wanaomlia ukindu. Ana sukari. Kabla ya mambo haya alikuwa amekanyaga gamba la chaza akiwa pekupeku, akapata kidonda chini ya kidole gumba cha mguu. Nilimleta Kibiti akatazamwa. Daktari alimwambia mbele yangu, bila kuzungukazunguka, kwamba kidonda cha mtu mwenye sukari hakichezewi, kikiachwa kinaweza kuondoka na mguu. Mama akaitikia vizuri sana. Akachukua dawa, akarudi kwake.

Tulikubaliana kwamba kidonda kikigeuka tu, ananiambia, namfuata. Alijua, nami nilijua, kwamba nikimfuata safari hiyo simrudishi upesi. Na mama alikuwa hataki kuishi Kibiti. Alisema Kibiti kuna vumbi na watu wake wanapita bila kusalimia.

Simu zetu za asubuhi zilikuwa hivi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Waonaje hali?"

"Mzima. Habari za huko?"

"Salama."

"Na mguu?"

"Mguu upo. Ila..."

"Alhamdulillahi. Mama, nna mteja, nitakupigia."

Hizo ila za mama nilikuwa nazijua. Ila mbuzi wamerudi. Ila mke wa fulani amepita na ndoo kichwani hata hodi hakupiga. Ila nasikia huko kwenu mchele umepanda. Ungeziacha ziishe zote, wateja wangekwenda kutoa fotokopi Ikwiriri. Na mguu nilikuwa nimeuuliza. Upo.

Basi mashine ikaanza kuzeeka. Linux ile ya kwanza ilikuwa inanenepa, kila toleo jipya linataka nafasi zaidi, mpaka feni ya ndani ikawa inalia kama mtu anakaanga dagaa. Nikaamua kuhamia Linux nyingine, nyepesi, inayosifiwa na vijana wa mtandaoni. Na nilihama kama watu wa kwetu wanavyohama. Mtu wa kwetu akihama, makuti anayaacha, udongo anauacha, ila mlango hauachi. Anaung'oa na fremu yake, anaupakia mtumbwini, na kule aendako nyumba inajengwa kuufuata mlango. Mpaka mlango ufike, watu hawasemi amehama, wanasema yuko safarini. Basi nami nikalibeba folda langu zima kama lilivyo, na kile kijiprogramu ndani yake, nikaliweka kwenye Linux mpya.

Asubuhi ya kwanza nikawasha. Salama, ya kijani, katikati ya skrini. Nikasema, hii sasa ndiyo Linux.

Asubuhi ya pili, Salama. Wiki ile nzima Salama, na iliyofuata. Kule nilikotoka hazikupita siku mbili tatu bila programu fulani kudai ibadilishwe. Huku hakuna kinachozeeka. Mwenye akili angeshtuka. Mimi niliwasifia wenye Linux hiyo.

Ndipo alipokuja mwalimu mmoja wa shule ya msingi ya upande wa Bungu. Mtu mpole, shati limepigwa pasi, anataka kuomba uhamisho kwa njia ya mtandao. Nikafungua tovuti. Tovuti ikakataa. Ikaandika kwa Kiingereza kwamba kivinjari changu, programu ya kufungulia tovuti, kimepitwa na wakati, nikakibadilishe kwanza.

"Inasemaje?" mwalimu akauliza.

"Inasema uongo."

Nikamwonyesha. Nikakiendesha kijiprogramu mbele ya macho yake, ikatokea Salama, kubwa, ya kijani. Mwalimu akaitazama, akaitazama na tovuti.

"Sasa kati ya hawa wawili, mkweli ni nani?"

"Mashine ni yangu mwalimu, naijua."

Hilo halikuwa jibu, na yeye kazi yake ni kusahihisha majibu. Nikamwambia arudi kesho, huenda tovuti ndiyo inaumwa. Kesho yake akarudi, tovuti ikakataa vilevile. Nikazima mashine, nikaiwasha. Nikabadilisha laini ya simu, nikanunua bando la mtandao mwingine. Nikafuta vitu ambavyo havikuwa na kosa lolote. Salama, inasema mashine. Umepitwa na wakati, inasema tovuti.

"Dada," mwalimu akasema kwa upole wake uleule, "mimi naomba uhamisho tu. Siombi mchumba."

Damu ikanichemka, lakini si kwa ajili yake. Nikaingia kwenye jukwaa la mtandaoni la wenye Linux ile mpya, nikawaandikia Kiingereza kikali. Nikawauliza stoo yao imelala au imekufa, maana tangu nihamie hakuna programu hata moja iliyobadilika, wakati dunia nzima inabadilika. Nikabandika na kijiprogramu changu wakione. Haukupita muda mtu akajibu. Hakusalimia. Hakusema pole. Aliuliza jambo moja: inasema nini usipoyatupa malalamiko yake?

Khaa! Mtu hanijui, simjui, ananiuliza swali kama askari. Niliandika jibu refu la kumfunza adabu, nikalisoma, nikalifuta. Kisha nikakifungua kijiprogramu, nikaziondoa zile alama za mwisho wa mstari, nikakiendesha.

Ikasema. Ilikuwa mara ya kwanza mashine ile inasema tangu tuhame. Ikasema amri hiyo haijulikani hapa.

Ile amri niliyokuwa naitumia kuiuliza stoo ilikuwa ya Linux ya zamani. Huku haipo, haijawahi kuwepo. Kwa hiyo kila asubuhi kijiprogramu changu kilikuwa kinabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Kinabisha, hakisikii sauti. Kwa kuwa hakuna programu iliyotajwa, kinahesabu kwamba hakuna iliyozeeka, kinakuja mbio kuniandikia Salama. Hakikudanganya, maskini. Mimi ndiye niliyekifundisha kwamba kimya ni salama.

"Umeipata?" mwalimu akauliza kutoka kwenye benchi.

"Nimeipata."

Sikuwa nimeipata. Nikaweka amri ya Linux mpya mahali pa ile ya zamani, nikaendesha. Salama. Nikaitukana ile mashine, Mungu anisamehe, mwalimu akageukia barabarani akajifanya anatazama lori. Ikabidi nisome tena. Kumbe amri hii mpya haiendi stoo yenyewe. Inasoma orodha iliyohifadhiwa ndani ya mashine, na orodha hiyo haijisahihishi mpaka uiagize. Ya kwangu ilikuwa ni ileile ya siku niliyohamia. Inachukua programu za siku ile, inazilinganisha na orodha ya siku ile, inaona zimelingana sawasawa. Ni kama kumpima mtu kwa picha yake ya harusi ukasema hajazeeka.

Nikaagiza orodha mpya ishushwe kwanza. Ikashuka. Nikaendesha tena, na safari hii hakuna kijani. Zikaanza kutajwa. Kivinjari ndicho kilichotangulia, kikafuata kitu cha printa, zikafuata herufi, kikafuata kitu cha sauti, skrini ikajaa, ikapanda, ikajaa tena. Mwalimu akainuka akaja kusimama nyuma yangu.

"Zote hizo zilikuwa hazina salama?"

"Zote."

"Na yenyewe ilikuwa inasema salama."

"Mwalimu, nimesikia."

Nikaanza kuzishusha. Bando likawa linaondoka, sisi tumekaa, hakuna la kufanya ila kutazama. Mwalimu karudi benchini. Mimi naangalia ule mstari unaojongea, simu yangu iko pembeni ya kibodi. Asubuhi ile nilikuwa nimempigia mama. Salama. Mguu upo. Ila. Na mimi, mteja.



Sikufikiri kwa mpangilio, sitaki kujipamba. Nilichokiona ni zile alama mwisho wa mstari, na mkono wangu mwenyewe unaziandika. Nikaichukua simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona mchana? Kuna nini huko?"

"Salama. Mama, malizia."

"Nimalizie nini?"

"Asubuhi umesema mguu upo, ila. Ila nini?"

Nilisikia kuku huko kwake, na mtu anatwanga.

"Ila wewe ulikuwa na mteja," akasema.

"Sasa sina." Mwalimu alitazama dari.

"Ila hiki kidole, mwanangu, kimekuwa cheusi. Na sikisikii. Hakiumi hata ukikifinya. Hakilii, hakisemi, mie n'kajua kinapona."

"Tangu lini mama?"

"Ah. Kila siku naanza kukwambia."

Niliona giza mchana ule, wallahi. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nikamwambia mwalimu mashine ikimaliza afungue tovuti, ajaze mwenyewe, mimi nakwenda kumfuata mama, funguo amwachie mama wa chapati hapo nje. Hajawahi mtu kukaa kwenye kiti changu. Mwalimu akasema, "Nenda dada. Nenda tu." Nikachukua pikipiki mpaka bandarini Nyamisati, njia nzima namgombeza dereva kwamba anakwenda polepole, na hakuwa anakwenda polepole. Boti ya abiria ilikuwa imeshaondoka maji yalipojaa. Nikapakiwa na wanunuzi wa kaa waliokuwa wanarudi visiwani na matenga matupu.

Mama nilimkuta kakaa mlangoni, mguu kaufunika kwa pindo la kanga. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Umefunga duka?"

"Nionyeshe mguu."

"Hujanisalimu."

"Shikamoo mama, nionyeshe mguu!"

Sijawahi kumpigia mama kelele, na majirani walisikia. Akafunua. Nilivyoviona sitavieleza, ila harufu niliisikia kabla ya kanga kuondoka. Nikalia palepale kizingitini, na yeye akawa ananipangusa kwa pindo lile lile, ananiambia basi, basi, mbona hakiumi.

Maji yalipojaa kesho yake tulikuwa kwenye boti. Hospitali kidole kilikatwa, na kipande cha nyama kilichofuata. Daktari, mwingine, si yule wa kwanza, aliniambia pembeni kwamba tungechelewa zaidi tungekuwa tunazungumza habari za goti. Nilimshukuru mpaka akaona haya. Mama alipotolewa, kichwa bado kizito kwa dawa, alijitazama chini kwenye bandeji, akasema, "Mguu upo." Wallahi nilicheka na machozi yananitoka.

Niliporudi dukani nilikuta mwalimu amelifagia. Maombi yake aliyatuma mwenyewe, na aliandika barua za wateja wengine wawili waliopita, nzuri kuliko zangu. Kijiprogramu nimekiandika upya. Midomo yote miwili iko wazi. Kinaanza kwa kushusha orodha, ndipo kinauliza, na kikishindwa kuuliza hakiandiki Salama. Kinaandika, kwa herufi nyekundu: Sijui. Mitandao ikisumbua hunichukiza kuiona Sijui hiyo, lakini naiacha.

Mama akawa anakaa kwangu. Mchana namleta dukani, anakalia mkeka wake chini ya dirisha, mguu kaunyoosha, anasuka. Kila anayeingia lazima amsalimie, asiyemsalimia hatolewi nakala. Amri hiyo si yangu. Lakini neno la kubaki hakulitamka, na mimi niliogopa kuuliza. Kidonda kilikuwa kinakauka. Kila siku nilingoja aseme nimpeleke kwake, na sikujua ningemjibu nini, maana kule hakuna wa kumtazama mguu, na kidole cha pili kikianza kunyamaza hakuna wa kukisikia.

Simu tena hatuna haja nayo, lakini kila asubuhi, nikishawasha mashine, namgeukia.

"Habari za asubuhi mama?"

"Salama."

Hapo nasimama. Mteja yupo, cheti mkononi, ana haraka, anagonga meza kwa vidole. Agonge.

"Ila?"

"Ila uji wako hauna sukari."

"Na hautakuwa nayo. Ila nini tena?"

Kwa kawaida kuna mbuzi, maana habari zao zinamfikia mpaka huku. Kuna mteja wa jana aliyevaa vibaya. Nasikiliza mpaka mwisho, mpaka aseme basi. Asubuhi moja aliacha kusuka kwanza, mkono kauweka juu ya ukindu.

"Ila mlango wangu," akasema, "uko kule peke yake."

Mteja hakuelewa kitu. Mimi nilizima mashine ya fotokopi ili nisikie vizuri, nikamwambia arudie. Akarudia, kwa hasira, kama mtu anayeambiwa arudie jambo dogo. Nikamwambia yule mteja aende kwingine.

Niliufuata kwa boti ya siku iliyofuata, nikaung'oa pamoja na fremu, jirani mwenye mbuzi akanisaidia kuupakia. Sasa uko dukani, umeegemezwa ukutani nyuma ya fotokopi, kwa kuwa chumba ninachopanga kina mlango wake na kiwanja bado sijapata. Wateja wanauona, mti wa zamani, mzito, wanauliza bei. Mama huwajibu kabla yangu, bila kuinua macho kwenye mkeka wake. Anawaambia hauuzwi, unangoja nyumba.